Bodaboda, kofia hiyo unamvalia nani?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa madereva wa bodaboda wa Naliendele, Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila salamu na vicheko tumeviacha. – Mhariri

Ndugu zangu, vijana wenzangu wa Naliendele, na ninyi mliotoka Mjini na Mikindani kuja kusikiliza, asanteni kwa kuzima injini. Najua kila dakika ninayowaweka hapa ni abiria anayechukuliwa na mwingine, na hesabu ya bosi jioni haiulizi kama ulikuwa mkutanoni. Kwa hiyo sitazunguka.

Hebu tazameni pikipiki zilizoegeshwa hapa. Kofia ngumu, au elementi kama mnavyoiita wenyewe, hii imevalishwa kwenye kioo. Ile imening'inizwa kwenye usukani. Kuna mwenzetu pale ameikalia, imekuwa kigoda. Sasa akitokea trafiki pale barabarani, zote zitapanda vichwani kabla hajafungua mlango wa gari. Akiondoka, zitarudi kwenye vioo. Funika kombe mwanaharamu apite! Ndiyo maana nimekuja na swali moja tu: kofia hiyo unamvalia nani?

Msinielewe vibaya. Sikuja kuwatukana. Kijana anayevaa kofia kwa ajili ya trafiki hakuzaliwa mjinga. Amefundishwa. Na aliyemfundisha ni sheria yenyewe na namna inavyosimamiwa.

Twende taratibu. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Wakati ule pikipiki kijijini ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri na mganga wa zahanati. Mtu wa kawaida alipanda baiskeli, tena akiwa na bahati. Sheria ile ilipoandikwa ilimtazama mwenye kuendesha pikipiki, ikamwambia avae kofia ngumu. Abiria wa nyuma haikumtaja. Kofia iwe ya ubora gani, haikusema. Mkanda wa kidevuni ufungwe au uachwe ukipepea kama utambi, haikusema pia. Haya si maneno yangu peke yangu. Wanasheria wanawake wa TAWLA na wenzao wanaotetea usalama barabarani wameyalilia kwa miaka mingi, tena mbele ya wabunge.

Kisha ikaja pikipiki ya Kichina, ikaja na ya Kihindi, na vijana wasio na ajira wakapata ajira ambayo hakuna kigogo aliyewapa. Ilikuwa mpaka mwaka 2010 ndipo serikali ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, ikakubali kwamba bodaboda ni kazi. Kanuni hizo zikakataza mishikaki, zikataka abiria awe mmoja, naye apewe kofia. Vizuri. Lakini mnaona viraka hivyo? Mwendeshaji yuko kwenye sheria mama, abiria yuko kwenye kanuni za biashara. Na yule mama anayepakiwa na mumewe kwenye pikipiki ya nyumbani kwenda kliniki, pasipo nauli, yeye yuko wapi? Fuvu lake ni gumu kuliko la abiria wa kulipa?

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo mambo yalipo.

Zamani kosa moja la barabarani lilikuwa shilingi 30,000. Lori la tani thelathini lililoshindilia korosho na pikipiki ya mlalahoi vyote vilitozwa sawa. Huo ulikuwa uonevu, na kelele zikapigwa. Juni mwaka 2021 Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, akasimama bungeni kwenye bajeti akapendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke iwe 10,000. Watu wakapiga makofi. Na mimi sikatai, nafuu ni nafuu, hasa kwa mtu ambaye elfu thelathini ni kazi ya siku kadhaa.

Lakini tafakarini, vijana. Kofia ya kweli hununui kwa elfu kumi. Kwa hiyo mtu anayepiga hesabu ya leo tu anaona afadhali alipe faini siku atakayokamatwa kuliko kununua kofia asiyojua kama itamfaa. Na wapo wanaolipa chini ya hapo, bila risiti, kwa utaratibu ambao nyote hapa mnaujua kuliko mimi. Kosa likishakuwa na bei ndogo namna hiyo, si kosa tena. Ni ushuru. Unalipa ushuru wa kupita barabarani na kichwa kitupu. Mimi nasema hatuhitaji faini irudi kuwa elfu thelathini. Tunahitaji anayekamata kichwa kitupu barabarani aingie na dukani, akamuulize mfanyabiashara: hii unayoiuza, ni kofia au ni bakuli?

Maana bakuli zipo. Nendeni mkaziangalie madukani. Kuna gamba la plastiki jembamba, ndani limewekwa sponji laini ya kochi, mkanda umeshikwa na kipini kimoja. Lina rangi nzuri, lina stika inayong'aa. Wengine wanavaa kofia ya mafundi ujenzi, ile iliyotengenezwa kuzuia nyundo inayodondoka kutoka juu. Hiyo haikutengenezwa kwa mtu anayeruka mwenyewe kwenda kuikuta lami.

Nitawaeleza kofia inavyofanya kazi, kwa sababu wengi tumeambiwa vaa, vaa, vaa, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Ubongo wako ni kitu laini, unakaa ndani ya boksi la mfupa. Pikipiki ikigonga kitu ikasimama ghafla, wewe husimami. Ukifika chini fuvu linasimama, ubongo bado unaendelea. Unajigonga kwenye ukuta wa ndani, mishipa inakatika, damu inavuja mahali ambapo haina pa kutokea. Ndiyo maana mtu anaanguka, anainuka, anakung'uta suruali, anasema niko salama, halafu usiku anaanza kutapika na alfajiri hazindukani.

Kofia nzuri ina vitu vitatu. Gamba gumu la nje, linalosambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Ndani yake povu jeupe gumu, mfano wa lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Na mkanda. Wengi wanadhani kazi inafanywa na gamba. Kazi kubwa inafanywa na lile povu. Linabonyea, linasagika, na kwa kusagika linaupa ubongo wako muda kidogo wa kusimama. Unene wa povu hilo ni kama upana wa vidole viwili hivi. Uhai wako wote unategemea vidole viwili! Na povu likishasagika mara moja halirudi. Kofia iliyopata ajali, hata kama nje inameremeta, kazi yake imekwisha. Ukiuziwa kofia ya mtumba umeuziwa fumbo.

Mtu atasema, mimi siendi mbio, nazunguka hapa hapa, Naliendele na Mjini. Haya. Ukigonga mti au ubavu wa lori kwa spidi ya 40, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 6. Kwa spidi 60 ni kama mita 14. Yaani upande mnazi mrefu mpaka kileleni, ujiachie, utangulize kichwa. Nani hapa yuko tayari tukajaribu? Sioni mkono. Lakini spidi 60 kwenye lami hii ya kwenda Mnivata ni spidi ambayo mnaiona ya wazee.

Na mkanda. Kofia isiyofungwa hufika chini kabla yako. Inaruka pembeni inazunguka kama sufuria, na wewe unafuata na kichwa chako kilivyoumbwa. Kuivaa bila kuifunga ni kumvalia trafiki tu, kwa sababu yeye kwa mbali haoni kidevu chako.

Nazijua sababu zenu. Joto. Ni kweli, joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili si la mchezo, na anayesema halipo hajawahi kuvaa. Ya pili, mnasema kofia inaziba masikio, husikii gari linalokuja nyuma. Hili lilichunguzwa kitambo. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Harry Hurt, alichunguza na wenzake ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, moja moja, pale pale zilipotokea, na ripoti ikatoka mwaka 1981. Hawakukuta kwamba kofia ilimzuia mtu kusikia au kuona hatari. Walichokikuta ni kwamba wasiovaa waliumia vichwa zaidi. Miaka iliyofuata watafiti walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi wakapima kwa pamoja: kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haikufanyi usife. Ukiingia chini ya tela la lori, kofia haina la kusema. Lakini ajali nyingi si za kuingia chini ya tela. Ni za kuteleza kwenye mchanga, kukwepa mbuzi, kukutana na pikipiki isiyo na taa.

Na habari hii ya kofia si uzushi wa juzi. Mei mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, yule aliyepigana Uarabuni katika Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake. Alikuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kofia. Alilala siku sita bila kuzinduka, akafa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Daktari huyo hakulisahau jambo lile. Vita ya Pili ilipoanza, akachunguza wanajeshi wa pikipiki waliokuwa wakifa kwa ajali, wengi wao mbali kabisa na risasi, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona juu ya kofia. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru kila mpanda pikipiki wake avae. Na raia je? Raia wa Uingereza walisubiri sheria yao hadi mwaka 1973. Miaka 32! Askari alipewa kofia haraka kwa sababu jeshi lilimhitaji mzima. Raia, hasa maskini, huwa anasubiri.

Wako waliokuja baadaye wakafanya haraka. Vietnam ni nchi ya pikipiki, huko gari ndilo mgeni. Desemba 15, 2007, sheria ilianza kutumika kwa kila mwendeshaji na kila abiria, kwenye barabara zote, na ndani ya muda mfupi zaidi ya tisa katika kila kumi wakawa wamevaa. Hospitali zilizofuatilia ziliona majeruhi wa vichwa wakipungua kwa asilimia 16 katika miezi mitatu ya kwanza, na vifo kwa asilimia 18. Halafu likawakuta lile lile la kwetu: soko likajaa kofia feki. Watu walikuwa na kofia vichwani, lakini nyingi zilikuwa bakuli. Hapo ndipo ninapotaka tujifunze. Sheria inayosema vaa tu, bila kusema vaa nini, inamtajirisha muuza plastiki.

Karibu zaidi na sisi, nendeni Kigali. Kila pikipiki ya abiria ina kofia mbili, na abiria akipanda anapewa yake bila majadiliano. Wanyarwanda hawana vichwa vya thamani kuliko vyetu.

Hapa kwetu abiria ndiye aliyesahauliwa kabisa. Na abiria mwenyewe anakataa, hilo nalijua. Dada ametoka saluni, amelipa pesa yake, unampa kofia yenye jasho la watu arobaini. Atakubali? Mimi pia nisingekubali. Hofu ya chawa na mba si upuuzi, ni akili. Dawa yake ni ndogo: kitambaa chepesi au ushungi ndani ya kofia, na kuianika juani mnapopumzika mchana. Mwenye safari za kila siku anunue yake, kama anavyonunua simu yake. Wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa hapa Kituo cha Utafiti wana uwezo huo. Bibi anayetoka kijijini kuuza mihogo hana, na huyo ni wetu sisi.

Kuna msimu ambao nauogopa, nao ni huu wa korosho. Minada ikianza, pesa inaingia vijijini kwa mkupuo. Kijana analipwa leo, kesho kutwa ana pikipiki mpya, hajawahi kukaa darasani siku moja kujifunza udereva, na barabara ile ile imejaa malori yanayokimbilia maghala na bandari. Usiku vumbi, taa za lori machoni, na chupa imepita mezani. Kila mmoja wenu ana jina la mtu analolikumbuka kutoka msimu mmoja au mwingine. Msilitaje, familia zao zimo humu.

Na kuna msimu wa pili, wa uchaguzi. Hapo nisikilizeni vizuri, maana wapo watakaosema mzungumzaji anakipigia chama. Mgombea anakuja, anawajazia mafuta lita mbili, mnamlaki kwa msafara. Watu watatu kwenye pikipiki moja, wengine wamesimama juu ya siti, bendera mkononi, kofia hakuna. Trafiki yuko pale pale, anapisha njia na kupiga saluti. Siku hiyo sheria imekwenda likizo! Chama chochote kinachofanya hivyo, hata hiki kinachochapisha gazeti hili, kimenunua kichwa cha kijana kwa lita mbili za petroli. Mgombea atakayekuja hapa Naliendele muulizeni kwanza: kofia ziko wapi?

Twende sasa kwenye kinachofuata baada ya kuanguka, maana hapo ndipo utakapojua uko peke yako. Bima ya pikipiki ambayo wengi mnakata ni ile ya mtu wa tatu. Inamhusu uliyemgonga. Wewe dereva uliyepasuka kichwa haikujui. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini ni wa mwajiriwa, na wewe bosi wako anasema hakukuajiri, amekupa mkataba wa kumletea hesabu. Pikipiki ikiharibika, ni yako. Ikipona, ni yake. Ukilala kitandani, keshokutwa kuna deiwaka juu ya siti yako, na hesabu inaendelea.

Hospitali ya Ligula tunayo, na sasa ipo ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na aliyeijenga tunamshukuru kwa kodi zetu. Lakini kwa miaka mingi kichwa kilichopasuka Mtwara kilikuwa na safari moja, Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Gesi yetu imetandikiwa bomba ifike huko. Mgonjwa wetu alikuwa anafuata njia ile ile kwenye gari, damu inavujia ndani, na nduguze wanauza shamba la mikorosho kulipia mafuta. Hata leo, hospitali ikiwa jirani, daktari hawezi kukurudishia ubongo uliosagika. Wapo vijana waliopona, wanatembea, lakini hawakumbuki majina ya watoto wao. Hao hawaandikwi kwenye hesabu ya waliokufa.

Sasa tunadai nini? Tunadai sheria mama imtaje abiria kwa jina, kila abiria, awe wa kulipa au wa nyumbani. Iseme kofia iwe ya kiwango, na mkanda ufungwe. Shirika la Viwango, TBS, likazie macho bandarini na madukani. Msiambiwe haiwezekani. Novemba mwaka 2018 serikali iliamua korosho yote inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi liende kuibeba, na malori ya jeshi yakaingia kazini. Nilikuwa na maoni yangu juu ya operesheni ile na bado ninayo, lakini ilituonyesha kwamba serikali ikitaka kuingia ghalani, inaingia. Basi iingie na kwenye ghala la kofia feki. Wanasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Huu wa kwetu mpaka leo umekata upande wa dereva tu, muuzaji na mwenye chombo hawajaguswa hata nywele.

Na mwenye chombo msimwogope. Mnapoandikishana mkataba mpya, mwambieni pikipiki inakabidhiwa na kofia mbili, kama inavyokabidhiwa na vioo viwili na ufunguo. Mmoja akisema peke yake atafukuzwa. Kijiwe kizima kikisema, bosi atanung'unika halafu atanunua, kwa sababu pikipiki isiyo na dereva haileti hesabu.

Mkienda kununua, shikeni kofia mkononi. Ibonyezeni ndani kwa kidole gumba. Ikibonyea kama godoro, iacheni. Itikiseni kichwani baada ya kufunga mkanda. Ikizunguka na kuziba jicho, si ya kwako. Zinazotengenezwa kwa kiwango cha Umoja wa Mataifa huwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda, chenye herufi E ndani ya duara na namba. Stika ya nje msiiamini sana, stika inachapishwa popote. Na msinunue kubwa ili mwingine naye iweze kumtosha.

Nimesema mengi na abiria wanapita. Maswali nitayajibu, lakini kabla ya maswali kila mwenye kofia ailete hapa mezani, na yule aliyeikalia ainuke nayo. Tutaanza na mikanda.